"Hii haina na sukari": historia ya pombe na ugonjwa wa sukari, kutoka Paris mupaka kwetu Kivu

Leo tuanze nyumbani, kisha tuingie katika historia.

Siku ya dote ya dada yangu, hapa Bukavu, wageni waliitwa saa ine ya asubui. Munajua dote zetu. Watu walifika saa sita, mazungumzo ya ng'ombe na mbuzi yakaenda mupaka saa kumi, na chakula kikatoka wakati jua linazama. Lakini vinywaji vilianza kuzunguka mapema. Mujomba wangu, ndugu mukubwa wa mama, alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu miaka sita. Alimeza kinini yake ya asubui sawa vile munganga alimuagiza, akakunywa chai kidogo, akakuja. Walipomuletea bia akakataa: "Bia iko na sukari." Muzee mumoja akamumiminia kanyanga katika kigilasi, akamuambia: "Basi kamata hii, shemeji. Hii haina na sukari." Tulicheka wote. Mujomba naye aliona ni neno la akili.

Magaribi alianza kusema maneno ya kupotea. Jasho linamutoka, mikono inatetemeka, anamuita dada yangu kwa jina la mama yake. Watu wakasema: "Amelewa. Mumuache alale." Ni mimi mwenyewe, mutu wa lisansi, nilimutoa viatu na kumulaza katika chumba cha nyuma. Nilifunga mulango ili makelele yasimusumbue.

Asubui hakuamka. Ku opitali walimutoboa kidole: miligramu 29 kwa desilita. Mutu wa afya ambaye hajakula huwa na 70 mupaka 100 hivi. Kumbe hakuwa amelewa tu. Ubongo wake ulikaa usiku muzima bila chakula chake. Alifungua macho siku ya pili. Leo anatembea, anakula, anacheka, lakini majina ya wajukuu yanamupotea, na shamba lake la kahawa kule Kalehe linasimamiwa na mutoto wake.

Mimi si munganga, nilisoma agronomia. Lakini tangu siku ile nilitaka kujua ile sentensi "hii haina na sukari" ilitoka wapi. Nilifikiri ni ujinga wetu wa kijiji. Hapana. Ni mafundisho ya wanganga wakubwa wa Ulaya na Amerika, ya zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wao walikuwa na sababu yao. Sisi tulibakia na sentensi yao wakati sababu imekwisha kufa.

1. Wakati pombe ilikuwa chakula cha mugonjwa

Ugonjwa wa sukari ni wa zamani sana. Wanganga wa India ya kale walijua kwamba kuna wagonjwa ambao mukojo wao unavuta sisimizi. Mwaka 1776, Mwingereza Matthew Dobson alionyesha kwamba ule utamu ni sukari kweli. Lakini kujua ugonjwa na kuutibu ni mambo mawili. Mupaka mwaka 1922 hapakuwa na dawa. Walichoweza ni kupunguza vyakula vinavyogeuka sukari, ni kusema mukate, viazi, unga, matunda.

Mutu mumoja wa maana katika historia hiyo ni Mufaransa Apollinaire Bouchardat. Mwaka 1870 jeshi la Prusia lilizunguka muji wa Paris, chakula kikawa haba, watu wakala kidogo sana. Bouchardat akaona jambo la kushangaza: kwa wagonjwa wake wa sukari, sukari katika mukojo ilipungua ao ikaisha kabisa. Njaa ya vita ilifanya kazi ambayo dawa zilishindwa. Yeye aliwakataza wagonjwa vyakula vya unga, na kwa kuziba pengo akawapa mafuta na pombe, zaidi sana divai.

Juu ya nini pombe? Hesabu yake ilikuwa ya kweli. Gramu moja ya unga inaleta karibu kilokalori 4, ya mafuta 9, na ya alkoli 7. Alkoli inatoa nguvu nyingi, na tena haigeuki sukari katika damu. Kwa mutu aliyekatazwa mukate, divai ilionekana kuwa kuni zisizotoa moshi.

Karne ya 20 ilipoanza, Mumarekani Frederick Allen alilipeleka wazo hilo mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1914 hivi, katika Taasisi ya Rockefeller huko New York, aliwafungisha wagonjwa njaa siku kwa siku mupaka sukari iishe katika mukojo, kisha akawarudishia chakula kidogo kidogo. Katika opitali zilizofuata njia hiyo, mugonjwa aliyefunga alipewa supu nyepesi, kahawa nyeusi, na wiski kidogo kila kisha masaa mawili. Wale wanganga hawakusema wiski inaponya. Walisema inampa mugonjwa nguvu kidogo, na inamusaidia kuvumilia njaa.

Tusiwacheke. Kati ya wagonjwa wa Allen alikuwa mutoto wa kike, Elizabeth Hughes, binti ya Waziri wa Mambo ya Inje wa Marekani. Mwaka 1922, wakati alikuwa na miaka 14, alibaki na uzito wa kilo 20 hivi. Bila ile njaa angekuwa amekwisha kufa. Munganga alichagua kifo cha polepole kwa kutumaini kwamba dawa itapatikana.

2. Dawa ikafika, na meza ikageuka

Dawa ilipatikana. Huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walianza majaribio yao mwaka 1921. Tarehe 11 Januari 1922 kijana Leonard Thompson, wa miaka 14, alichomwa sindano ya kwanza ya insulini. Haikufaa, kwa kuwa haikuwa safi. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari sindano ya pili ikafanya kazi. Elizabeth Hughes naye alipelekwa Toronto mwaka ule ule. Aliishi mupaka mwaka 1981.

Hapa ndipo sentensi yetu ilianza kuwa ya hatari. Mugonjwa wa zamani alikuwa na adui mumoja tu: sukari kupanda. Mugonjwa wa insulini ana wawili: sukari kupanda na sukari kushuka. Adui wa kwanza mara nyingi anaua polepole. Wa pili anaweza kuua usiku mumoja. Na pombe, ambayo haikumutisha sana mugonjwa wa kwanza, inamusaidia sana adui wa pili.

3. Ghala na mashini

Kwa kuelewa, turudi nyuma kwa Mufaransa mwingine, Claude Bernard. Kati ya mwaka 1848 na 1857 alionyesha kwamba ini linatengeneza sukari na kuiweka akiba, katika kitu alichokiita glikojeni. Watu walizoea kufikiri kwamba sukari ya damu inatoka katika chakula peke yake. Bernard akaonyesha kwamba kuna ghala ndani ya mwili.

Nieleze sawa vile tunavyoongea mashambani. Ini lina kazi mbili hapa. Ni ghala: ukikula, linaweka akiba, usipokula, linatoa. Tena ni mashini ya kusaga: ghala likipungua, linachukua vitu vingine vya mwili, kama mabaki ya protini, na kutengeneza sukari mupya. Hivyo mutu anaweza kulala usiku muzima bila kula na ubongo wake ukaendelea kupata chakula.

Sasa leta pombe. Kwa mwili, alkoli ni sumu, na ini linaipitisha mbele ya foleni. Katika kuivunja, linatumia vifaa vile vile ambavyo vinahitajika kwa kutengeneza sukari mupya. Mashini haijakufa, lakini imeshikwa na kazi nyingine. Kama ghala limejaa, hakuna shida kubwa, maana akiba inatoka. Kama ghala liko tupu kwa sababu mutu hajakula tangu asubui, na mashini imeshikwa, damu itapata sukari wapi? Weka juu yake kinini ao sindano inayoendelea kusukuma sukari chini. Sasa munamuona mujomba wangu.

Wanganga walichukua muda kuliona jambo hilo. Mwaka 1941, huko Marekani, Brown na Harvey walieleza habari za watu waliokunywa alkoli ya viwandani ya bei chini, wakakutwa hawajitambui na sukari imeshuka sana. Ilikuwa rahisi kufikiri kwamba kosa ni uchafu wa ile pombe. Mwaka 1961, wanganga wawili wa Durban, Afrika Kusini, Neame na Joubert, nao walitoa habari za wagonjwa ambao sukari yao ilishuka kisha kunywa. Halafu mwaka 1963, Norbert Freinkel na wenzake wakapata jibu. Waliwapa alkoli safi watu waliofunga kula, na sukari ikashuka vile vile. Kosa halikuwa uchafu. Ni alkoli yenyewe, ikikutana na njaa.

Kwa hiyo yule muzee wa dote alisema kweli: kanyanga iliyochemshwa vizuri haina sukari. Lakini ndiyo sababu ilimuangusha mujomba haraka. Ilifunga mashini, na haikuleta hata kijiko kimoja cha kuweka ndani ya ghala.

4. Kinini pia ina historia

Wengi wanafikiri hatari ni ya watu wa sindano tu. "Mimi niko ku kinini, si ku insulini." Sikiliza vizuri.

Mwaka 1942, katika vita, munganga Marcel Janbon wa Montpellier, Ufaransa, alikuwa anajaribu dawa mupya ya jamii ya sulfamidi kwa wagonjwa wa tifoidi. Wagonjwa wakaanza kutetemeka, kupoteza fahamu, na wengine wakafa. Mwenzake Auguste Loubatières akafuatilia, akaonyesha kwamba ile dawa inashusha sukari kwa kusukuma kongosho litoe insulini. Kutoka ajali ile ya Montpellier kulizaliwa jamii nzima ya kinini, na glibenklamidi ni moja yao. Mujomba wangu alikuwa ameimeza asubui ile. Dawa hiyo haiulizi kama umekula. Inasukuma tu.

Metformini ni nyingine, na hii inanifurahisha kama mutu wa mashamba, maana historia yake inaanza na mumea. Galega ni mumea wa jamii ya maharagi, unaota Ulaya, na wafugaji wanaujua kwa sababu kondoo wakiula sana wanaweza kufa. Ndani yake muna kitu kinachoshusha sukari. Kutoka kitu hicho wataalamu walifuata njia mupaka metformini, na Mufaransa Jean Sterne alitangaza matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Ikiwa peke yake, ni vigumu metformini iangushe sukari. Lakini kwa mutu anayekunywa pombe nyingi, ao mwenye ini ao figo mbaya, inaweza kusaidia asidi ya laktiki kujaa katika damu. Ni jambo la nadra, lakini likifika linaua.

Kwa hiyo, mwenye sukari asijue tu rangi ya kinini yake. Ajue jina lake, na amuulize munganga: "Hii inaweza kuangusha sukari yangu?"

5. Na kwetu?

Katika mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa tuzo la Nobel kwa ajili ya insulini. Mwaka ule ule kampuni ya Bralima ilianzishwa Léopoldville. Dawa na bia ya kiwanda vilianza safari kwa wakati mumoja, lakini ninyi mujibu: katika kijiji chenu, kipi kilifika mbele?

Kanyanga ilipita njia nyingine. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890, kisha yale ya Saint-Germain ya mwaka 1919, yalibana pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na haya ya pili yalikataza hata kuitengeneza. Lakini watu hawakuacha. Walijificha. Ndiyo maana mupaka leo chupa ya bia inaandikwa kiwango cha alkoli, lakini ya kanyanga haina neno hata moja. Hujui ni asilimia ngapi, wala kama aliyeipika alimwaga yale maji ya kwanza yanayoweza kuwa na metanoli, ambayo inapofusha macho na kuua.

Kasiksi naifahamu vizuri zaidi. Ndizi zinaivishwa katika shimo mupaka wanga wake unageuka sukari. Zinakamuliwa na majani, juisi inachanganywa na unga wa mutama uliokaangwa, inaachwa ichache siku mbili tatu. Chachu inakula sukari na kutoa alkoli, lakini haimalizi yote. Kasiksi ya siku ya kwanza iko na sukari nyingi na alkoli kidogo. Ile ya siku ya tatu ni kinyume. Kwa mwenye sukari ni mutego wa pande mbili: inapandisha kwanza, kisha usiku inaweza kushusha. Akipima saa moja kisha kunywa, ataona namba ya juu, ataongeza dawa, na hapo atakuwa amejichimbia shimo.

Sasa tuhesabu. Chupa kubwa ya bia, sentilita 72, asilimia 5, iko na mililita 36 za alkoli safi, ni kusema karibu gramu 28. Kigilasi cha sentilita 5 cha pombe ya asilimia 40 kiko na gramu 16. Mapendekezo ya Ufaransa tangu mwaka 2017 yanahesabu kipimo kimoja kuwa gramu 10, na yanasema: usipite vipimo 2 kwa siku, usinywe kila siku, usipite 10 kwa juma. Chupa moja kubwa inakaribia vipimo 3. Yule anayesema "mimi nakunywa moja tu" amekwisha kupita. Na hiyo ni mipaka ya watu wote, si ruhusa ya mugonjwa. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya.

6. Tunafanya nini basi?

Mwenye sukari ambaye hakunywi, asianze. Mwenye mimba, mwenye ugonjwa wa ini ao wa kongosho, mwenye kuendesha moto ao gari, aache kabisa. Anayekunywa, aongee kweli na munganga wake, kisha ashike haya:

Asikunywe na njaa. Bugali na maharagi kwanza, kigilasi baadaye. Asiruke chakula cha magaribi kwa kusema "bia imenishibisha".

Asiongeze kinini ao insulini kwa kufidia sukari ya pombe, na asiache dawa ili apate kunywa.

Apime kabla ya kulala kama iko na mashini, na akule kitu kama namba iko chini. Hatari haiishi wakati kilevi kinaisha. Inaweza kufika mupaka kesho yake, masaa 24.

Aseme kwa mutu mumoja katika meza: "Niko na sukari. Ukiniona natetemeka, usifikiri ni pombe."

Na sisi tunaokaa karibu naye, kazi yetu ni kubwa zaidi. Jasho, kutetemeka, maneno ya kupotea, hasira bila sababu: ni alama za kulewa, na ni alama za sukari kushuka. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Basi tuchukue kwamba ni sukari. Kama anaweza kumeza, apewe maji yenye vijiko vitatu ao vine vya chai vya sukari, ao Fanta, tungojee dakika 15, turudilie kama hakuna mabadiliko, kisha akule. Kama hajitambui, tusimwage kitu katika kinywa, kinaweza kuingia katika mapafu. Tumulaze kwa ubavu na tukimbie ku opitali. Kama alikuwa amelewa kweli, tumepoteza vijiko vine vya sukari. Kama tulikosea upande mwingine, tunapoteza mutu.

Mwezi uliopita tulikuwa na dote nyingine katika familia, ya binti ya shangazi. Niliomba bazee kitu kimoja: chakula kitoke saa saba, hata kama mazungumzo hayajaisha. Kulikuwa na manunguniko kidogo. Mwingine aliuliza tangu lini agronomo anapanga dote. Lakini chakula kilitoka saa saba. Mujomba alikaa karibu yangu, akakula bugali na sambaza, akakunywa chai. Aliniita kwa jina la kaka yangu mara mbili, na sikumusahihisha.